Dhiraa na Vidole Viwili: Jinsi ya Kumchagua Samaki wa Ziwa Victoria

Kunja kiwiko, nyoosha vidole. Kutoka ncha ya kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni dhiraa moja, kipimo ambacho bibi zetu walipimia vitambaa kabla rula hazijaenea madukani. Dhiraa ya mtu mzima ni sentimita 45 au 46 hivi. Ongeza upana wa vidole viwili, unafika 50. Sasa simama kwenye meza ya samaki jioni, iwe Buzuruga, Igoma au Mkolani hapa Mwanza, popote ulipozoea kununua kitoweo ukitoka kazini, kisha mlaze sangara mmoja sambamba na mkono wako. Asipofika dhiraa na vidole viwili, kutoka mdomo hadi ncha ya mkia, huyo bado ni mtoto. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kumvua na kumuuza sangara wa chini ya sentimita 50.

Kwa sato kipimo ni kifupi zaidi. Tanua kiganja: kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ni shibiri, yaani nusu ya dhiraa. Shibiri na vidole viwili inazidi kidogo sentimita 25, na 25 ndicho kiwango cha chini cha sato. Mikono haifanani, kwa hiyo siku ya kwanza pima wako kwa rula ya mtoto wa shule ujue unaanzia wapi. Baada ya hapo una kipimo usichoweza kukisahau nyumbani.

Naanza na mkono kwa sababu swali la samaki gani tule bila kuliumiza ziwa limefanywa gumu kuliko lilivyo. Ukilitafutia jibu mtandaoni utakutana na orodha zilizotungwa kwa ajili ya bahari za mbali. Programu ya Seafood Watch ya Marekani, kwa mfano, huwapanga samaki kwa rangi: wa kijani nunua, wa njano fikiri kwanza, wa nyekundu acha. Iko pia lebo ya bluu ya MSC kwenye makopo ya jodari, ya kuthibitisha kwamba samaki hawakuvuliwa kupita kiasi. Hizo ni kazi za heshima na zinajibu tatizo la kweli, maana Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linakadiria kwamba zaidi ya theluthi moja ya akiba za samaki wa baharini duniani zinavuliwa kupita uwezo wake wa kujijaza. Lakini orodha za namna hiyo humdhania mnunuzi aliyesimama mbele ya friji ya supamaketi, mkononi ameshika pakiti yenye maandishi. Samaki wetu hana pakiti. Anafika ndani ya beseni au tenga, nyuma ya baiskeli au bodaboda, na kila kinachoweza kujulikana juu yake kiko mwilini mwake na kwa wenzake aliochanganywa nao. Tukijifunza kuusoma mwili huo, tunajua mengi kuliko lebo.

Kwanza tujue nani anaishi humu. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nusu hivi ikiwa Tanzania, sehemu kubwa ya iliyobaki Uganda, na kipande kidogo Kenya. Humo hutoka karibu tani milioni moja za samaki kwa mwaka, na wanaoingia majini kuwavua ni zaidi ya watu laki mbili. Biashara yote hiyo imesimama juu ya samaki watatu: sangara, dagaa na sato. Kati ya watatu hao mwenyeji ni dagaa peke yake.

Sangara alipandikizwa upande wa Uganda kuanzia miaka ya 1950, enzi za Waingereza. Hoja ilikuwa kwamba ziwa limejaa furu, samaki wadogo wenye miiba mingi wasio na soko kubwa, kwa hiyo afadhali aletwe samaki mkubwa awale furu, kisha yeye auzwe. Sato tunayemjua leo naye aliletwa miaka hiyohiyo, na ujio wake ulichangia kuwasukuma pembeni ndugu zake wa asili, ngege na mbiru. Kwa muda mrefu sangara alionekana hapa na pale tu. Katika miaka ya 1980 akalipuka. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, waliokuwa wakichunguza furu katika Ghuba ya Mwanza tangu 1977, walijikuta wakishuhudia samaki waliokuja kuwasoma wakitoweka mbele ya macho yao. Furu wa ziwa hili walikuwa zaidi ya spishi 500. Mamia ya spishi hizo hazijaonekana tena. Baadhi zimerudi tangu miaka ya 1990, sangara alipoanza kupungua.

Nimewahi kuulizwa na kijana mmoja wa Nyegezi: kama sangara ni mgeni aliyewala wenyeji, kwa nini tumhurumie? Si tumvue mpaka aishe, furu warudi? Ni swali la haki na lisipuuzwe. Jibu langu ni kwamba furu waliokwisha hawarudishwi na wavu wowote, na wale waliobaki hawaokolewi kwa kuvua sangara wachanga, kwa sababu sangara wachanga, furu na sato wadogo hukaa mahali pamoja, kwenye maji mafupi karibu na matete na mafunjo. Wavu unaomzoa mmoja unawazoa wote. Tena maelfu ya nyumba kuanzia Ukerewe hadi Sengerema zinalipa karo kwa sangara. Ziwa la kabla ya 1980 halipo. Tulilo nalo ni hili, na ndilo la kulindwa.

Sasa nifike kwenye fundo lenyewe, ambalo sioni likisemwa waziwazi.

Tumezoea kusema kwamba sangara anamalizwa na Ulaya. Lawama hiyo ina mizizi. Viwanda vya minofu vilipoenea ukanda huu miaka ya 1990, nyama nzuri ilipanda ndege na sisi tukabaki na mapanki, yale mafupa yenye kichwa na mkia baada ya minofu kutolewa. Mtu aliyekulia Mwanza miaka hiyo anaikumbuka harufu ya mapanki yakikaangwa, na uchungu wa kununua mifupa ya samaki wa ziwa lake mwenyewe. Uchungu huo ni halali. Ila jiulize: yule sangara wa sentimita 30 anakwenda wapi? Haendi Ulaya. Kiwanda kinakaguliwa, nacho kina sababu ya kumkataa samaki mfupi, kwanza kwa sababu ya sheria, pili kwa sababu mnofu wake ni mwembamba na haumlipi. Sangara mfupi anakaangwa barabarani kwetu. Anabanikwa. Anatiwa chumvi na kuanikwa akawa kayabo, kisha anavuka mpaka kwenda Kongo. Soko la mtoto wa sangara ni sisi na majirani zetu, na hilo linamaanisha kwamba mwenye uwezo wa kulifunga ni sisi pia. Hatuna haja ya kungoja mtu wa Brussels abadili tabia yake ya kula.

Kwa nini basi sentimita 50? Samaki dume wa aina hii hukomaa akiwa karibu na urefu huo. Jike huchelewa, na wengi hawazai mpaka wapite hapo kwa sentimita nyingi. Kwa hiyo hata sangara wa dhiraa na vidole viwili, akiwa jike, anaweza kuwa hajataga hata mara moja. Kipimo hicho ni cha chini kabisa, na ukipata wa sentimita 60 umefanya vizuri zaidi. Upande wa juu nao una maana yake. Kwa miaka mingi utaratibu uliokubaliwa ziwani ulikuwa kuwaacha pia wale wa zaidi ya sentimita 85, kwa sababu wengi wao ni majike, na jike mmoja mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Huyo ndiye kisima cha ziwa. Bahati mbaya ndiye pia mwenye bondo kubwa, yaani kile kifuko cha hewa tumboni ambacho wanunuzi wa Uchina hukilipia fedha nyingi. Kilo ya mabondo makavu huuzwa mara nyingi zaidi ya kilo ya nyama yake. Mnunuzi wa kitoweo hawezi kushindana na bei hiyo, lakini anaweza kuchagua wa katikati: aliyezidi dhiraa na vidole viwili, asiyekaribia dhiraa mbili. Ukinunua vipande, omba umwone samaki kabla hajakatwa. Muuzaji mwenye samaki halali hakawii kukuonesha.

Urefu unakuambia umri. Alama za mwilini zinakuambia alivyokamatwa. Samaki aliyenasa kwenye nyavu za makila, zile zinazotegwa zikasimama majini, huwa na mstari wa uzi shingoni au nyuma ya mashavu, na wenzake kwenye beseni hulingana naye kimo, kwa kuwa jicho la wavu huchagua: mdogo hupenya, mkubwa mno hugota. Aliyevuliwa kwa ndoano ana jeraha mdomoni. Lakini ukikuta beseni lenye kila kimo na kila ukoo, sangara wa kiganja, furu, vitoto vya sato, gogogo mmoja, na majani na tope vimeshikamana nao, hapo umeona kazi ya kokoro. Kokoro ni wavu mrefu unaovutwa kutoka ufukweni na watu wengi, ukikwangua chini yote, pamoja na viota ambavyo sato hupanga mchangani. Umepigwa marufuku miaka mingi. Timba, wavu wa uzi mmoja wa plastiki usioonekana majini, nao hauruhusiwi, na ubaya wake wa pekee ni kwamba ukikatika ukapotea hauozi. Unaendelea kunasa samaki wasio na wa kuwatoa. Iko pia katuli, ambapo wavuvi huzungusha wavu karibu na majani na kuyapiga maji kwa miti ili samaki watimke wanase.

Siwezi kuandika haya bila kusema neno kwa ajili ya mvuvi. Mara nyingi anayevuta kokoro hana mtumbwi, hana injini, hana wavu. Vyote ni vya tajiri, na yeye analipwa kwa mgao wa kilichopatikana usiku huo. Timba ni rahisi kuliko wavu halali. Maji ya karibu hayali mafuta ya injini. Mtu wa namna hiyo akiambiwa aende mbali avue wakubwa, anaambiwa atumie fedha asizonazo. Mwaka 2018 ilipita Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu nyingi haramu zikakamatwa na kuchomwa, na mialo mingi, yaani fukwe za kushushia samaki, ikaingia simanzi. Naelewa kwa nini ilifanyika, maana ziwa lilikuwa linakombwa. Lakini moto huchoma wavu, hauchomi bei ya samaki mchanga. Maadamu jioni yupo mtu wa kumnunua, kesho wavu mwingine utashonwa.

Na mnunuzi naye ana hoja yake. Mama mwenye watoto watano na noti moja mkononi hanunui sangara wa sentimita 60. Ananunua fungu la vidogo kwa sababu vinatosha mboga ya watoto. Ushauri wowote usiomfikia mama huyu haufai kitu hapa Mwanza. Kwa fedha ileile anayo njia nyingine, nayo ni nzuri kuliko zote.

Ni dagaa.

Dagaa wa ziwa hili ana miujiza yake. Anakomaa kabla ya kutimiza mwaka, anazaa upesi, na anakula vidudu vidogo vinavyoelea majini, kwa hiyo yuko chini kabisa kwenye ngazi ya walaji. Ili sangara aongeze kilo moja lazima awe amemeza kilo kadhaa za wenzake. Dagaa anatoa chakula cha binadamu bila hasara hiyo njiani. Kwa uzito, ndiye anayevuliwa kwa wingi kuliko samaki wote wa Ziwa Victoria. Halafu analiwa mzima, kichwa na mifupa yake, ndiyo maana ana chokaa ya kujenga mifupa ambayo mnofu mweupe hauna. Sioni sababu ya mtu kuona haya kumpikia mgeni dagaa. Waliokaushwa vizuri, wakachambuliwa, wakakaangwa na nyanya na pilipili, halafu ugali wa muhogo pembeni: mezani kwangu hakuna kinachowapita.

Uvuvi wake una mapumziko ya asili. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za betri na za sola. Samaki huifuata nuru, wavu unapandishwa chini yao. Kwa hiyo kazi hufanyika wakati wa giza. Mwezi ukijaa, taa hushindwa na mbalamwezi na mitumbwi mingi hubaki ufukweni siku kadhaa. Ukiona bei ya dagaa wabichi imepanda siku hizo za mbalamwezi, ujue ziwa limepata nafasi ya kupumua.

Hata hivyo dagaa naye husomwa. Chukua kiganja kimoja kutoka kwenye kisado na uwatandaze. Dagaa wa maji marefu huwa safi: wote wembamba, weupe wa fedha, wamefanana. Ukikuta katikati yao vipande vifupi vyenye mgongo mpana na miiba, hao ni furu. Ukikuta kisamaki chenye mdomo mkubwa na mkia wa duara, urefu wa kidole, hicho ni sangara. Wachache si ajabu. Wengi maana yake wavu wa dagaa, wenye macho madogo kuliko nyavu zote, umevutwa pembeni, kwenye malezi ya samaki wachanga. Fungu la namna hiyo mimi naliacha, na muuzaji namwambia sababu kwa upole, kwa kuwa kesho yeye ndiye atakayemwambia aliyemletea.

Jambo la dagaa linaloniumiza zaidi linatokea baada ya mtumbwi kufika. Wengi bado huanikwa chini, juu ya mchanga. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, wanaoza, na masika mizigo mizima huishia kuwa chakula cha kuku au hutupwa. Samaki wamekufa na hakuna aliyeshiba, kisha usiku unaofuata wanavuliwa wengine kufidia. Dawa inajulikana: kichanja, yaani meza ya miti iliyotandikwa wavu, ambapo hewa hupita juu na chini na mchanga haugusi. Wanawake wa mialo kadhaa wamevitumia kwa miaka na dagaa wao wanajulikana sokoni Mwaloni Kirumba kwa kuwa hawana michanga na harufu yao ni nzuri. Bei yao iko juu kidogo. Katika ununuzi wangu wote wa samaki, hiyo nyongeza ndiyo ninayoitoa kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu inamlipa mtu aliyezuia hasara.

Linalobishaniwa ni kiasi cha dagaa kinachokwenda viwandani kuwa chakula cha mifugo. Sehemu kubwa sana ya dagaa wa ziwa hili hailiwi na watu. Hilo linatupeleka moja kwa moja kwa sato wa vizimba, yaani wanaofugwa ndani ya mabanda ya nyavu ziwani.

Miaka ya karibuni vizimba vimeongezeka ghubani na pembezoni mwa visiwa. Serikali imekopesha vijana na wanawake, na ukisafiri kwa boti utaviona vimepangwa majini kama mazizi. Watu huniuliza kama sato wa kizimba ni bora kwa ziwa kuliko wa wavuvi. Inategemea. Uzuri wake ni kwamba hapunguzi sato wa mwituni, na sato kwa asili yake si mla nyama, hivyo anaweza kulishwa kwa kiasi kikubwa mashudu na pumba. Tatizo huanza chakula chake kikiwa na dagaa wengi waliosagwa, maana hapo tunavua samaki kumlisha samaki. Tatizo la pili ni mahali. Kizimba kwenye maji mafupi yasiyotembea hudondosha kinyesi na mabaki ya chakula chini yake, na ziwa hili tayari lina mbolea nyingi kupita kiasi kutoka mashambani na mijini. Mbolea hiyo ndiyo hulisha mwani wa kijani na gugu maji, ambalo limetusumbua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwani ukifa huoza na kula hewa ya majini, na maji yasiyo na hewa yakipanda kutoka chini, samaki waliofungiwa hawana pa kukimbilia. Kizimba kizuri kiko kwenye maji marefu yenye mkondo.

Sato wa kizimba utamtambua kwa kuwa beseni zima ni la kimo kimoja kama mayai, mnene, mgongo umeinuka. Wa ziwani hutofautiana. Akiwa wa kizimba na yuko chini ya shibiri na vidole viwili, hakuna mtoto wa ziwa aliyeibwa, ila muulize muuzaji ametoka kwa nani. Akiwa wa ziwani na yuko chini ya hapo, mwache. Sato jike hutunza mayai na vitoto mdomoni. Ukimwondoa mapema, umeondoa na malezi.

Waliobaki nitawapitia haraka. Ningu aliyekuwa akipanda mito kwenda kutaga alivunjwa mgongo miongo mingi iliyopita kwa nyavu zilizowekwa kwenye midomo ya mito wakati wa mvua. Ukimkuta, usimnunue msimu wa mvua. Kamongo anategemea mabwawa ya mafunjo, ambayo yanalimwa na kufukiwa, na dume ndiye hukaa kulinda kiota. Namla kwa nadra. Kambale hana wasiwasi mkubwa.

Wako watakaosema kwamba mnunuzi mmoja mwenye kisado hawezi kubadili ziwa la nchi tatu. Tuangalie kilichotokea hapahapa. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wa Ziwa Victoria, mwanzo kwa sababu za usafi na hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa sababu ya taarifa za watu kuvua kwa sumu za mashambani. Viwanda vilipunguza kazi, bei mialoni ikaanguka, na ndani ya muda mfupi zikafuata maabara, ukaguzi na vikundi vya ulinzi wa fukwe. Katazo la kuvua kwa sumu lilikuwepo siku zote. Kilichobadilisha mwenendo ni mnunuzi kukataa. Wale walikuwa mbali na walikuwa wakikataa kwa ajili ya afya yao. Sisi tuko karibu, na kila jioni ni sisi tunaonunua wale wasiofika dhiraa.

Wala kazi si yetu peke yetu. Hifadhi ya Rubondo na ile ndogo ya Saanane, inayoonekana ukiwa katikati ya jiji, ni mazalia ambamo uvuvi hauruhusiwi, na samaki waliokulia humo hutoka kuja kwenye nyavu halali. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja, Uganda, lipo tangu 1994 ili nchi tatu zikubaliane vipimo. Yote hayo yana uzito. Lakini hayafiki kwenye meza ya jioni, na meza hiyo ndiyo ninayoijua.

Mama ninayenunua kwake alipoona mara ya kwanza nimelaza mkono kando ya sangara wake alifikiri nataka kupunguziwa bei. Nilimweleza. Akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, hawa wadogo ndio wanaotoka upesi." Sikubishana naye, kwa kuwa alisema kweli. Nilinunua dagaa nikaenda zangu, na juma lililofuata nikafanya vilevile, na lililofuata. Kisha wateja wengine wawili wakaanza kupima, mmoja wao mwalimu aliyekuja na wanafunzi wake wa jirani. Siku moja nikakuta rula ya mbao imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Wadogo bado huwaleta siku nyingine, hakunificha, lakini huwaweka fungu la pembeni na si wengi kama zamani.

Juzi alinipigia simu alfajiri. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba. Mwezi umejaa, dagaa hakuna. Ila nina sato wanne wa ziwani, wamevuka shibiri na vidole viwili, nimewapima mwenyewe. Nikuwekee?"

Nikamwambia aniwekee wawili.